Ford GT40 ya Laki Moja na Ishirini

Mpwa wangu aliingia dukani baada ya alasiri, kumi la kati la Ramadhani, akatoa kisanduku kwenye mfuko na kukiweka juu ya meza yangu, katikati ya saa mbili nilizokuwa nimezifungua mgongo. "Shikamoo mjomba." Sijamaliza kuitikia, ameshauliza: "Hebu nitazamie. Nimetoa laki moja na ishirini. Nimeliwa, au?"

Ndani ya kisanduku mlilala gari la mfereji, modeli ya Ford GT40, gari la mashindano la zamani: bodi samawati, mstari wa machungwa kutoka puani hadi mkiani, namba 6 ubavuni. Lilienea kiganjani. Alikuwa ameliagiza kwa rafiki yake anayesoma nje, na pesa zile alizikusanya miezi minne kwa kuwasomesha watoto wa mtaani hesabu. Gari lilikuwa zuri machoni, lakini swali lake lilikuwa zito, na sikutaka kulijibu kwa kutupa jicho tu. Nikamwambia aniachie siku tatu.

Kwa asiyeyajua, gari la mfereji halina betri ndani wala halina rimoti. Barabara yake ni vipande vya plastiki vinavyounganishwa. Katikati ya kila njia pana mfereji mwembamba, na kila upande wa mfereji pana utepe wa chuma unaopitisha umeme wa volti 12 hivi. Chini ya pua ya gari kuna ulimi unaoingia mferejini, na ubavuni mwa ulimi visuko viwili vya nyuzi za shaba vinavyoburura juu ya chuma, vikachukua umeme na kuupeleka kwenye mota. Wewe umeshika kontrola mkononi: ukibana kwa kidole gari linakwenda, ukiachia linapungua. Usukani huna. Kazi yako yote ni kujua lini ubane na lini uachie, maana ukiingia konani na kasi iliyozidi, ulimi unachomoka na gari linaruka nje. Mchezo huu ulipata umaarufu Uingereza kuanzia mwaka 1957, Fred Francis alipoyatoa magari yake ya umeme kwa jina la Scalextric, na mpaka leo magari mengi ya kuchezea nyumbani ni ya kipimo cha 1:32. Sentimita moja ya modeli ni sentimita 32 za gari lenyewe.

Mimi yalinipata nikiwa na miaka kumi na moja. Ami yangu alikuja likizo kutoka Maskati na seti moja, magari mawili, barabara ya umbo la namba nane. Tuliitandaza ukumbini, na kila magharibi bi mkubwa alitutaka tuikunje ili watu wapate pa kusali. Zile gari hazikuwa na lolote la kujisifia, bodi tupu na dreva aliyechorwa kichwa, lakini zilidumu miaka saba. Hilo sikulitilia maanani wakati ule. Nililikumbuka baadaye sana, nilipokuwa nimekwishakosea kwa pesa zangu mwenyewe.

Kosa lenyewe nitalisema kwa ukamilifu kwa sababu ndilo lililonifunza. Miaka kumi nyuma nilinunua modeli ya Porsche 917, ya bei mara mbili ya hii ya mpwa wangu. Ilikuja na vioo vya pembeni vidogo kama punje ya mchele, waipa zake, dreva mwenye miwani ya kuchorwa na mikunjo ya nguo. Niliiweka juu ya kabati la dukani wiki nzima, kila mteja aliyeingia anaisifia. Siku nilipoishusha barabarani ikarukaruka kama mbuzi. Kioo cha kushoto kilitoka usiku wa kwanza na hakikuonekana tena. Nikasema barabara mbovu. Nikaifungua barabara yote, nikasafisha kila maungio, nikapangusa chuma, nikairudisha. Gari likaruka vile vile. Wiki mbili nimo katika kuilaumu barabara. Mwishoni nikachukua lenzi yangu ya jichoni, ile ninayotazamia saa, nikalishika gari chini ya taa na kulizungusha gurudumu la nyuma kwa ncha ya kidole. Rimu haikuwa duara. Ilikuwa na umbo la yai, kidogo sana, kama unene wa ukucha, na bushi ya ekseli, kile kipete ekseli inamozungukia, ilikuwa inacheza kwenye tundu lake. Hakuna gundi wala msasa ungeliponya lile.

Nilikaa kitako nikajiuliza. Mimi ni fundi saa. Siipokei saa ya mtu bila kuifungua mgongo, na sijawahi kumwambia mteja saa yake nzima kwa kuwa uso wake unang'aa. Lakini gari nililinunua kwa uso. Tangu siku ile kila modeli inayonifikia, ya kwangu au ya mtu, kitu cha kwanza ninaigeuza juu chini.

Basi usiku ule, baada ya tarawehe, nililigeuza GT40 la mpwa wangu.

Skrubu tatu. Zote zilikazwa mno, hata plastiki ilikuwa imeumuka kidogo kuzunguka vichwa vyake. Nikazitoa, bodi ikaachana na chasisi. Ndani hamkuwa na kitu cha kumpendeza mtu: sahani nyeusi ya plastiki, juu yake dreva aliyekatwa kifuani, mikono imeshika usukani ambao nusu yake haipo. Hiyo ndiyo sehemu waliyopunguzia bei, na kwangu mimi walipunguza pahala pake. Dreva mzima mwenye miguu na pedali ni gramu kadhaa zilizokaa juu, na uzito uliokaa juu ndio unaolipindua gari konani. Taa za mbele nazo ni plastiki ya rangi, hazina kioo chake. Sikujali. Nilichotaka kukiona ni vile vitu vinne ambavyo vikiwa vibovu gari halitengenezeki: chasisi iliyopinda, rimu isiyo duara, ekseli iliyokwenda upande, na tundu la bushi lililolegea.

Nina kipande cha kioo kinene, nilikitoa kwenye kabati la zamani. Kioo kimenyooka kuliko meza yoyote ya mbao. Niliiweka chasisi juu yake na magurudumu yake, nikaibonyeza pembe moja moja kwa ncha ya kibano. Ikiwa imepinda, utaisikia ikigonga: pembe hii inashuka, ile inapanda. Haikugonga. Nikaiondoa ekseli ya nyuma, nikaivingirisha juu ya kioo nikisikiliza. Chuma kilichonyooka kinavingirika kimya, kilichopinda kinahema. Ilivingirika kimya. Rimu za nyuma nilizitazama kwa lenzi dakika nzima kila moja, kwa sababu ya kidonda changu cha zamani, na zilikuwa duara. Rimu moja ya mbele ilitikisika kidogo. Niliisamehe. Magurudumu ya mbele ya gari la mfereji hayaongozi kitu. Pua inashikwa na ulimi, na likikaa vizuri magurudumu yale yanagusa barabara kwa mbali tu.

Matairi ndiyo yaliyonisikitisha. Katikati ya kila tairi palipita kigongo chembamba, alama ya mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Ukilipitishia ukucha unakisikia. Tairi la namna hiyo haligusi barabara kwa upana wake wote, linasimama juu ya kigongo. Lakini hili ni kosa la kupona. Nikaliandika upande wake.

Mota na gia nilizipima kwa sikio. Wateja wangu wanajua nikiishika saa naipeleka sikioni kabla ya kusema neno, na mota ndogo nayo ina maneno yake. Nilikata waya wa chaja ya simu iliyokufa kichwa, nikapata volti 5 safi, nikazigusisha kwenye visuko. Krauni na pinioni, yaani gia ya ekseli na gia ndogo ya mota, zikikazana mno utasikia mkoromo mzito, na mota itapata moto. Zikiwa mbalimbali utasikia mkwaruzo, na meno yatajilia. Hili lilikoroma kidogo. Nikaliacha lizunguke nusu saa kwa volti zile 5, tone moja la mafuta ya cherehani kila bushi, na mwisho wa nusu saa sauti ilikuwa imelainika ikawa kama mluzi wa mtu anayepita mbali. Mafuta ya cherehani, si ya nazi. Nilishaletewa gari lililotiwa mafuta ya nazi na mtoto wa jirani. Yaliganda na vumbi yakawa uji, nikayaosha kwa petroli kidogo nje uani, bushi baada ya bushi.

Siku ya pili mpwa wangu alikuja na simu yake, ana video ya mashindano ya zamani. "Mjomba, hivi hawa usukani wameuweka kulia. Wamekosea?" Hawakukosea. GT40 yenyewe ilikuwa na usukani wa kulia, kama gari zetu hapa, na aliyetengeneza modeli ile alilijua hilo na akalifuata. Ni jambo dogo, lakini mimi huliweka kwenye mizani: mtu aliyekata dreva kifuani ili apunguze bei, na bado akamkalisha upande wake wa haki, ni mtu aliyelipenda gari.

Tena kuna kisa cha hiyo namba 6, na kisa hicho ndicho kilichomfanya kijana atoe pesa zake. Mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, Juni 1969. Wakati ule madereva walisimama upande mmoja wa barabara, na bendera ikishuka wanavuka mbio, wanaruka ndani ya magari na kuondoka, wengi bila kufunga mikanda. Jacky Ickx, Mbelgiji wa miaka 24, dereva wa GT40 namba 6, hakukimbia. Alitembea. Akaingia garini, akafunga mkanda taratibu, akaondoka wa mwisho kabisa. Katika mzunguko ule ule wa kwanza John Woolfe alianguka na Porsche 917 yake akafariki. Baada ya saa 24 na mizunguko 372, Ickx na mwenzake Jackie Oliver walishinda, wameitangulia Porsche 908 ya Hans Herrmann na Gérard Larrousse kwa kiasi cha mita 120 tu. Na gari lao lilikuwa kongwe: chasisi namba 1075, ile ile iliyoshinda mwaka 1968 mikononi mwa Pedro Rodríguez na Lucien Bianchi. Mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wamekaa ndani, mikanda imefungwa.

Nilipomaliza kumsimulia, nilikuwa nimeshajua nitaipimaje modeli yake. Gari lenyewe lilishinda kwa kufika mwisho likiwa zima. Modeli yake kuipima kwa mzunguko mmoja wa kasi ni kuidhulumu.

Usiku ule tulitandaza barabara ukumbini kwangu, mita kumi na moja mzunguko mzima. Watoto wa dada yangu, wa jirani, na Maalim, jirani yetu mstaafu wa skuli, aliyekuja na kiti chake. Umeme tuliuchukua kwenye betri ya pikipiki. Hili nalo lina sababu. Jioni umeme wa nyumbani kwangu hupungua nguvu, mafeni yanazunguka kwa uvivu, na adapta za bei rahisi hushuka pamoja nao. Gari lililokwenda vizuri saa nane mchana linakuwa goigoi saa tatu usiku, na mtu analilaumu gari. Betri ya volti 12 iliyojaa haibadiliki, kila gari linapata haki sawa. Sharti moja tu, na sharti hili sina mzaha nalo: waya unaotoka kwenye betri lazima upitie fyuzi. Mimi naweka ya ampea 3. Betri haina huruma. Kisuko kimoja kikikunjwa kikagusa chuma cha pili bila fyuzi, waya unawaka mkononi mwa mtoto.

Mpwa wangu akaliendesha. Sekunde 4.1 mzunguko, na halitoki. Konani linanata kama limegandishwa, watoto wanapiga kelele, yeye ananitazama kwa furaha. Nikamwomba anipe gari. Nikaligeuza, nikachokoa kwa bisibisi, nikaitoa sumaku iliyofichwa mbele ya ekseli ya nyuma, nikamrudishia.

Sumaku ile huvuta kuelekea chuma cha barabara na kulikandamiza gari chini. Kwa watoto wadogo ni rehema, maana gari halitoki ovyo wakachoka. Lakini kwa anayepima, sumaku ni pazia. Tairi lenye kigongo, skrubu zilizokazwa, ulimi unaocheza, yote yanafunikwa na ule mvuto, na wewe unasema gari zuri kumbe unaisifu sumaku. Nawajua watu wawili hapa mjini waliosifia gari zao mwaka mzima, siku walipozipeleka kwenye barabara ya mbao yenye utepe wa shaba, ambao sumaku haiushiki, wakadhani gari zimerogwa.

Bila sumaku, GT40 lilichomoka kona ya kwanza. Likachomoka ya tatu. Mizunguko ishirini lilitoka mara tisa, na ile lililoimaliza ilikuwa ya sekunde 6.3. Mpwa wangu akanyamaza. Nilimwona anazihesabu zile laki na ishirini upya, na moyo uliniuma, kwa sababu najua uchungu wa pesa iliyokusanywa kidogo kidogo. Nikamwambia asihuzunike, hapo ndipo tumeanza kuliona gari lake.

Maalim alikuwa kimya muda wote. Alilichukua, akaliweka juu ya ukingo wa baraza, akarudi nyuma hatua mbili, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na gari. "Limesimama kama mtu aliyepandisha suruali avuke maji," akasema. Mimi na Maalim tunabishana juu ya hili miaka. Yeye husema modeli isiyotambulikana kwa mbali haifai hata ikienda vipi. Mimi husema modeli isiyokwenda ni pambo. Lakini nilipoinama pale alipoinama, nikaona kweli. Paa lilikuwa juu mno.

Nikaleta kalipa yangu ya kupimia. GT40 ilipata jina lake kwa kimo chake, inchi 40 kutoka ardhini, kama mita moja na sentimita mbili hivi. Ukigawa kwa 32 unapata karibu milimita 32. Modeli ilikuwa 34. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma gari lenyewe lina milimita 2,413, na kwa kipimo chetu ni 75.4, modeli ilitoa 75 na nusu, sahihi kabisa. Kwa hivyo umbo walilipata, walichofanya ni kulinyanyua bodi ili matairi yale manene yasisugue ndani ya madungu, yale matao ya bodi juu ya magurudumu. Milimita mbili zinaweza kuonekana si kitu. Kwa gari lililopewa jina kwa ufupi wake, ni kitu, na jicho la Maalim liliziona kabla ya chombo changu. Tangu usiku ule nimeongeza desturi: baada ya kuligeuza juu chini, naliweka usawa wa macho na kurudi hatua mbili. Vioo na waipa vinasubiri. Kwanza mstari wa paa, mteremko wa pua, namna linavyokalia magurudumu yake.

Siku ya tatu tulifanya kazi pamoja, mimi na yeye, baada ya futari. Nilimtaka afanye kwa mikono yake.

Matairi tuliyagandisha kwenye rimu kwa matone ya gundi, tukasubiri yakauke. Kisha msasa laini wa maji ukabandikwa mezani, tukaliwasha gari kwa volti zile 5 za chaja, naye akalishusha magurudumu ya nyuma yakagusa msasa kwa wepesi, anahesabu moja mpaka tano, ananyanyua, anaacha mpira upoe, anashusha tena. Ukikandamiza mpira unaungua na kung'oka vipande. Mara ya kwanza ulitoka unga mweusi katikati tu, pale penye kigongo. Mara ya sita au ya saba unga ukaanza kutoka upana wote wa tairi, na juu ya mpira ukaonekana weusi mmoja usiong'aa. Akapitisha ukucha. "Kimeondoka," akasema kwa sauti ya chini, kama anaogopa kitarudi.

Na hapo ndipo jambo moja likaliponya jingine. Matairi yalipopungua, madungu yakapata nafasi. Tukazichonga zile nguzo za plastiki zinazoshikilia bodi, milimita moja kwa wembe, tukipima kila mkato, na bodi likashuka bila kusugua. Kimo kikawa 32 na robo tatu. Sikutaka kwenda mbele zaidi ya hapo. Nguzo ikivunjika hairudi.

Skrubu tulizirudisha, tukazikaza mpaka mwisho, halafu tukazilegeza nusu duru. Wengi hawaamini hili mpaka waone. Bodi likifungwa kama jeneza, kila mtikisiko wa juu unashuka kwenye magurudumu. Likiachiwa licheze kidogo, chasisi inatulia barabarani na bodi linatikisika lenyewe juu yake. Ulimi uliokuwa unacheza tuliutilia ringi ndogo iliyokatwa kwenye karatasi ngumu. Visuko tukavichanua vikalala bapa.

Uzito tuliufuata kwa wauza zana za uvuvi: chubwi moja ya risasi. Tuliigonga nyundo ikawa kama sarafu, tukakata gramu nane, tukazibandika chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma, nusu kulia nusu kushoto. Risasi ni sumu, kwa hiyo kazi ile niliifanya mimi, nikaifunika kwa utepe na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Watoto waitazame tu.

Tuliporudi barabarani, bila sumaku, mizunguko ishirini lilitoka mara mbili. Sekunde 5.2. Tukaendelea mpaka karibu na daku, wanapokezana, na mimi nikawa nahesabu kwenye karatasi. Mizunguko 372. Nilitaka ifike hiyo hiyo. Wa mwisho kushika kontrola alikuwa binti wa jirani wa miaka tisa, na alilimaliza bila kulitoa. Nikaligusa mota kwa kidole: vuguvugu, si moto. Meno ya krauni chini ya lenzi yalikuwa mazima yote.

Ndipo nikamjibu mpwa wangu swali lake. Nilimwambia hakuliwa. Pesa yake imenunua chasisi iliyonyooka, rimu za duara, ekseli safi na mota yenye afya, na vitu hivyo ndivyo asivyoweza kuvitengeneza mezani kwangu. Visivyokuwemo, dreva mzima, taa za kioo, vioo vya pembeni, vyote anaweza kuvitia mwenyewe siku akipenda, au asivitie. Angetoa mara mbili angepata matairi yaliyokwisha kusagwa na bushi bora, na kazi ya usiku mmoja ingepungua. Angetoa nusu, kwa yale magari ya kuchezea yenye ekseli ya plastiki, ningemwambia ameliwa bila kuuma maneno. Na kama rimu ile ya nyuma ingekuwa na umbo la yai, ningemwambia alirudishe kesho yake, hata lingekuwa na rangi nzuri kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Nilimpa na tahadhari za hapa kwetu, ambazo hazimo kwenye karatasi ya maelekezo. Hewa yetu ina chumvi. Visuko vya shaba vinaota ukijani mwezi haujesha, hasa kaskazi, na ukijani ule haupitishi umeme. Asugue kwa kifutio cha penseli. Asitumie ndimu na chumvi kama tunavyong'arishia sinia. Shaba itang'aa siku ile, lakini kinachobaki kati ya nyuzi kitaendelea kuila. Chokaa inayopukutika kwenye kuta za nyumba za mji huu inaingia mferejini na kwenye matairi. Kila kabla ya kucheza apitishe utepe wa gundi juu ya mpira, atauona unatoka mweupe. Chuma cha barabara akipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kiasi cha kunusa, kisha akikaushe.

Aliniuliza kama alirudishie gari sumaku. Nikamwambia aiweke kwenye kibweta, na watoto wadogo wakija airudishe wacheze kwa raha zao.

Usiku ule alikuwa hana haraka ya kuondoka nalo. Aliliacha dukani mpaka Ijumaa, akitaka Maalim aje alitazame tena mchana. Nililiweka juu ya kabati, pale pale ilipokaa ile Porsche. Chini ya chasisi nikatanguliza kidonge cha uzi wa cherehani, ili magurudumu yaning'inie na matairi yasilale upande mmoja. Asubuhi Maalim aliingia, akarudi hatua mbili mpaka mgongo ukagusa mlango, akainama.

"Suruali imeshuka," akasema.

Kisha akavuta kiti, akaniuliza kama yule dreva wa kifuani ninaweza kumchonga miguu.